Beni, Bendi na Mganda: Ushahidi wa Maneno kuhusu Safari ya Muziki katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi muziki wa jamii moja unavyopata wapokezi katika nchi ya ugeni. Mfano mkuu ni mganda, ngoma ya mashindano ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Mfano huo unalinganishwa na safari za jukwaani za bendi ya Kiskoti ya Runrig na za msanii wa Kigogo, Hukwe Zawose. Hoja yetu ni kwamba muziki husafiri kwa njia mbili zilizo tofauti, na kwamba maneno ambayo wapokezi huyaunda, huyakopa au huyakosa ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi wa njia iliyotumika.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1973, katika kisiwa cha Skye kilichoko kaskazini-magharibi mwa Uskoti, vijana wachache waliunda bendi ya dansi iliyokuja kujulikana kwa jina la Runrig. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kupiga muziki ili watu wacheze. Mwaka 1978 bendi hiyo ilitoa albamu yake ya kwanza, iliyoimbwa kwa Kigaeli, lugha ya kale ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti. Baadaye iliimba kwa Kigaeli na kwa Kiingereza, ikapata wapenzi wengi Ujerumani na Denmark, na ikaaga rasmi kwa maonyesho yaliyofanyika Stirling mwezi Agosti 2018. Sensa ya Uskoti ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba wasemaji wa Kigaeli walikuwa chini ya 60,000. Ni dhahiri, basi, kwamba wengi wa waliojaza kumbi za Ulaya kuisikiliza bendi hiyo hawakuyaelewa maneno ya Kigaeli yaliyoimbwa.

Jambo hili kwa kawaida huelezwa kwa kauli moja: bendi imepata hadhira ng'ambo. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika wilaya za Mbinga na Nyasa tunao mfano wa muziki uliotoka mbali na kupokewa ugenini, nao haukupokewa kwa namna ile ya kumbi za Denmark. Muziki wa gwaride wa majeshi ya Uingereza ulifika katika eneo la Ziwa Nyasa, na baada ya muda si mrefu haukuwa tena muziki wa Waingereza. Wenyeji waliupa ala, vyeo, nyimbo na jina, kisha wakaufanya kuwa uwanja wa kushindania heshima ya kijiji. Je, tukio la Denmark na tukio la Umatengo ni jambo moja? Makala haya yanadai kwamba si jambo moja, na kwamba mwanaisimu anaweza kulithibitisha hilo kwa kuyachunguza maneno.

2.0 Hadhira, Mchezaji na Ngoma

Ni vema kuanza na istilahi yenyewe. Neno hadhira limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo, na ni ndugu wa hudhuria, mahudhurio na hadharani. Kwa asili yake, basi, hadhira si wasikilizaji tu, bali ni watu waliopo mahali pa tukio. Matumizi ya kisasa yamelipunguza neno hili likawa na maana ya watu walioketi upande mmoja wakitazama au wakisikiliza kinachofanywa na wengine upande wa pili.

Neno ngoma nalo lina tabia ya pekee. Linataja ala, linataja mwendo wa mwili, na linataja tukio zima. Mtu anapiga ngoma, anacheza ngoma na anakwenda ngomani. Kitenzi kilichozoeleka pamoja na nomino hii ni kucheza, ilhali kauli ya kusikiliza ngoma, ingawa si kosa la kisarufi, haina uzito huo katika mazungumzo ya kila siku. Katika Umatengo mganda huitwa pia mchezo, neno lililoundwa kutokana na kitenzi hichohicho cha kucheza.

Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha njia mbili. Ya kwanza tutaiita njia ya jukwaa. Katika njia hii mpokeaji hubaki kuwa msikilizaji, na muziki hurejea kwao pamoja na wenyewe. Ya pili tutaiita njia ya uwanja. Katika njia hii mpokeaji hugeuka kuwa mchezaji, na muziki hubaki hata baada ya wenyewe kuondoka. Tofauti hii si ya ubora, bali ni ya namna lugha inavyoshughulika.

3.0 Ziwa kama Njia

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilometa zipatazo 570. Ramani za leo zinalionyesha kuwa mpaka wa Tanzania, Malawi na Msumbiji, lakini kwa wakazi wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi maji yamekuwa njia kabla ya kuwa mpaka. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa Huru la Uskoti walifika na meli yao Ilala na kuanzisha misheni ya Livingstonia huko Cape Maclear, wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha Khondowe mwaka 1894. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA nao walijenga makao yao kisiwani Likoma katika miaka ya 1880 na kufanya kazi katika mwambao wa mashariki, ikiwemo Liuli. Wabenedikto waliingia kutoka upande wa nchi kavu na kufika Umatengo.

Muziki wa Kiskoti, kwa hiyo, ulifika ziwani mapema, kwanza kwa sura ya nyimbo za ibada. Ushahidi wa Livingstonia unafundisha jambo. Tenzi za mwanzo zilikuwa tafsiri zilizoimbwa kwa lahani za ugenini, lakini kabla ya karne ya 19 kwisha waumini wa Kingoni wa upande wa magharibi, miongoni mwao Mawelera Tembo, walikuwa wakitunga tenzi zao kwa lahani zilizotokana na nyimbo za jadi. Wageni walileta desturi ya kuimba tenzi, na wenyeji wakaijaza kwa sauti zao.

Mkondo wa pili ulikuwa wa kijeshi. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vilivyokuwapo, na batalioni zake mbili za kwanza zilitokana na kikosi cha Afrika ya Kati ya Kiingereza, nchi iliyokuja kuitwa Nyasaland. Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani mara moja: tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Guendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Katika miaka iliyofuata maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika walitembea kwa amri, wakasikia baragumu alfajiri na ngoma za gwaride, kisha waliosalimika wakarudi makwao.

Wakati huohuo ngoma ya beni, iliyoanzia katika miji ya pwani ya Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1890, ilikuwa ikienea bara. Ranger (1975) ameonyesha kwamba beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilienezwa na askari, wapagazi na vibarua, na kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa chombo chake kikuu. Jones (1945) na Mitchell (1956) wanauhusisha mganda na Nyasaland ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kutoka mwambao wa magharibi mganda ulivuka maji na kupanda milima hadi Umatengo. Hapo ukawa ngoma ya wanaume, sambamba na kihoda ya wanawake, ambayo ng'ambo ya ziwa huitwa chioda.

4.0 Ushahidi wa Maneno

4.1 Beni na bendi

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotokana na neno moja la Kiingereza lenye maana ya kikundi cha wapiga ala: beni na bendi. Kifonolojia tofauti yao ni ndogo, kwani ni kuwapo au kutokuwapo kwa kipasuo /d/ baada ya nazali. Kisemantiki tofauti ni kubwa. Beni ni ngoma ya chama, yenye vyeo, sare na mashindano. Bendi ni kikundi cha wanamuziki wanaopiga kwa ujira: bendi ya polisi, bendi ya dansi. Hatusemi kwamba wanachama wa Marini walikuwa bendi, wala hatusemi kwamba kikundi cha muziki wa dansi ni beni.

Yaelekea neno la kwanza liliingia kwa sikio, kutoka vinywani mwa askari na mabaharia, na la pili liliingia baadaye likiungwa mkono na maandishi na shule. Muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba ukopaji wa kwanza haukuliziba pengo. Beni lilipokwisha kuwa jina la ngoma ya Waswahili wenyewe, lugha ililazimika kulikopa neno lilelile mara ya pili ili kukitaja kile kitu cha Kizungu. Ukopaji wa pili ni ushahidi kwamba kitu cha kwanza kilikwisha kuwa mali ya mkopaji.

4.2 Mganda na ngeli zake

Neno mganda linaweza kumtatiza msomaji asiyetoka Ruvuma. Katika Kiswahili sanifu kuna Mganda, mtu wa Buganda, katika ngeli ya M-/WA-, na kuna mganda, yaani furushi la mpunga au mtama lililofungwa, katika ngeli ya M-/MI-. Jina la ngoma ni neno la tatu. Upatanisho wa kisarufi huyatenganisha: Mganda huyu amecheza, mganda huu umefungwa, mganda umechezwa au imechezwa.

Hiyo imechezwa katika mfano wa mwisho si kosa. Majina ya ngoma katika Kiswahili huweza kufuata umbo lake lenyewe, na huweza pia kufuata nomino ngoma ambayo haikutamkwa lakini imo akilini mwa msemaji. Ndivyo ilivyo kwa lizombe ya Wangoni na lindeku ya Wamatengo. Katika lugha za asili li- ni kiambishi cha ngeli ya tano. Kiswahili kimekipoteza kiambishi hicho katika nomino zake na kukibakiza katika upatanisho tu, kama katika tunda limeiva. Majina haya yanapoingia katika Kiswahili, li- hugandamana na shina na neno lote huhesabiwa kama jina la ngoma: lizombe inachezwa. Mgeni amepewa kiti cha ngoma, na kiti hicho ndicho kinachoamua upatanisho wake.

4.3 Lipenga

Miongoni mwa Watonga na Watumbuka wa Malawi ngoma hii huitwa malipenga. Umoja wake ni lipenga, maana yake tarumbeta. Ala yenyewe, hata hivyo, si tarumbeta. Ni kibuyu kilichotobolewa na kuwekewa utando mwembamba unaotokana na buibui. Mchezaji hapulizi, bali huimba ndani yake, na utando huigeuza sauti yake ikawa na mkwaruzo wa shaba. Hapa jina limeshikilia sauti na kuliacha umbo. Waliosikia baragumu za kambini hawakuwa na shaba, walikuwa na vibuyu na koo zao, na neno lipenga likatosha kuyaunganisha mambo hayo mawili.

4.4 Vyeo na gwaride

Beni na ngoma zilizotokana nayo zilikopa vyeo vya kijeshi na kiserikali. Mfano maarufu ni kingi, mkuu wa chama cha ngoma. Kiswahili kilikuwa na neno mfalme tangu zamani, hivyo kingi halikukopwa kwa sababu ya upungufu wa msamiati. Lilikopwa ili kuweka mpaka: mfalme anatawala nchi, kingi anatawala mchezo. Neno la kigeni lilifanya kazi ya kutenga ulimwengu wa ngoma na ulimwengu wa dola, na kwa kufanya hivyo liliwapa wachezaji nafasi ya kuigiza mamlaka ambayo katika maisha ya kikoloni walinyimwa. Kwa mantiki hiyohiyo kikundi cha malipenga huko Malawi huitwa boma, neno la makao ya serikali.

Uwanja wa kijeshi uliipatia lugha mengi zaidi ya vyeo. Gwaride ni neno la uwanja huo. Foleni nalo ni amri ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange mistari, ambayo leo mkazi wa mjini huitumia kwa msongamano wa magari bila kukumbuka kambi. Mganda uliichukua mistari hiyohiyo, hatua zilizopimwa, sare safi na ukakamavu wa mwili, ukaviweka katika uwanja wa kijiji. Amri ikageuka kuwa mchezo.

5.0 Njia ya Jukwaa

Tuirejee sasa njia ya pili, ambayo inafahamika zaidi katika zama zetu. Hukwe Zawose, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliupeleka muziki wa Wagogo katika majukwaa ya Ulaya, ikiwemo tamasha la WOMAD lililoanzishwa Uingereza mwaka 1982. Albamu zake Chibite (1996) na Assembly (2002), ya pili akishirikiana na Michael Brook, zilimfanya ajulikane mbali. Alifariki mwezi Desemba 2003, na jamaa zake wameendelea na kazi hiyo. Mafanikio hayo yaliwapa wasanii riziki na heshima, nayo yaliwaonyesha vijana wengi kwamba zeze na ilimba si vitu vya kuonewa haya.

Lakini tuutazame upande wa lugha. Msikilizaji wa London aliyemshangilia Zawose hakuhitaji kuunda neno lolote. Majina ya ala aliyasoma katika jalada la albamu na maana ya wimbo aliipata kwa sentensi moja ya mtangazaji. Sauti ilimfikia, usemi haukumfikia. Hali ni hiyohiyo kwa Mdenmark na Kigaeli cha Runrig: anaweza kukiimba kiitikio chote kwa ufasaha wa masikio, na bado asiweze kumwamkia mwenye lugha hiyo.

Hata hivyo, muziki wa Uskoti una mfano wa njia ya uwanja pia. Bagpaipu, ile zumari ya mfuko wa ngozi, ilisafiri pamoja na majeshi. Leo Walinzi wa Kifalme wa Oman wana wapigaji wake, na katika mashindano ya dunia ya bendi za bagpaipu ya Glasgow ya mwaka 1995 ushindi wa daraja la juu ulikwenda kwa bendi ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Kanada. Mkanada huyo si hadhira ya Mskoti. Ni mshindani wake. Kwa maoni yetu ushindani ndio alama ya njia ya uwanja, kwa kuwa hakuna anayeshindania kitu ambacho bado anakihesabu kuwa cha mwingine.

6.0 Mchezo Unapolala

Kila njia ina udhaifu wake. Njia ya jukwaa humfanya msanii ategemee mwaliko na tiketi. Njia ya uwanja huutegemeza muziki juu ya uchumi wa kijiji. Mashindano ya mganda yanahitaji sare, safari na chakula cha wageni, na Umatengo ni nchi ya kahawa. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika mwaka 1989, na katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa nchini ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Hill (2000), katika uchunguzi wake wa mashindano, usasa na uchumi Umatengo, aliichukua kauli ya Kiswahili "mchezo umelala" kuwa jina la makala yake.

Kauli hiyo inastahili kuchambuliwa. Haikusemwa kwamba mchezo umekufa, wala kwamba umepotea. Kulala ni kitenzi cha hali yenye mwisho: aliyelala hutarajiwa kuamka, na kauli yenyewe inabeba matarajio hayo. Aidha, kitenzi kimewekewa nomino mchezo, si jina la kikundi au la kijiji, kana kwamba mchezo ni kiumbe kimoja kinachokaa katika vijiji vyote kwa pamoja. Msemaji wa kauli hii hasemi kama hadhira iliyokosa onyesho, anasema kama mwenye nyumba anayengoja mtu wake azinduke.

Hapa ndipo penye hatari. Katika juhudi za kuuamsha mchezo, shauri la kwanza linalotolewa siku hizi ni kuupeleka jukwaani: kuuweka katika tamasha, kuupunguza uwe wa dakika kumi, kuutafutia watazamaji wa mbali. Shauri hilo si baya. Lakini jukwaa, kwa kuwa linahudumia masikio yasiyoijua lugha, huanza kupunguza pale ambapo mtazamaji hataona upungufu, yaani katika maneno. Wimbo unaomkejeli mshindani wa kijiji cha jirani unamhitaji msikilizaji anayekijua kijiji hicho. Vyeo vinahitaji watu wanaovitii. Mwaliko unahitaji kijiji kitakachojibu. Mambo haya yakiondolewa, hatua na sare zinaweza kubaki kama zilivyo, na mganda ukawa umehama kimyakimya kutoka njia moja kwenda nyingine.

Kwa mwanaisimu hasara hiyo inaweza kupimwa. Ni hasara ya majina ya vyeo, ya hatua, ya sehemu za kibuyu, ya aina za nyimbo, pamoja na upatanisho wake katika Kimatengo, Kinyanja, Kimanda na Kiswahili. Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba ukusanyaji wa nyimbo za mganda na kihoda ufanywe sambamba na ukusanyaji wa istilahi zake, kwamba ufanywe katika pande zote mbili za ziwa, na kwamba kila neno lirekodiwe likiwa ndani ya sentensi ya mchezaji mwenyewe. Orodha ya maneno bila sentensi haitatuambia kama msemaji anasema mganda unachezwa au inachezwa, na tumeona kwamba katika tofauti hiyo ndogo kuna historia. Pale ambapo mganda utapelekwa jukwaani, nyimbo zifuatane na tafsiri kamili, si muhtasari wa sentensi moja.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kauli ya kupata hadhira ng'ambo inachanganya matukio mawili. Runrig na Zawose walipata wasikilizaji ambao walitoa shangwe na fedha, na lugha zao hazikuguswa kwa kiasi kikubwa. Bendi za gwaride, ambazo hazikuja ziwani kutafuta hadhira, zilipata wachezaji waliozigeuza kuwa beni, malipenga na mganda. Ushahidi uko katika maneno: beni lililolazimisha bendi kukopwa upya, lipenga lililohamia katika kibuyu, kingi aliyepakana na mfalme, na mchezo ambao wenyewe hawajakubali kusema kwamba umekufa.

Mtafiti anayetaka kujua kama muziki fulani umepokewa kweli katika nchi ya ugeni asiishie kuhesabu viti vilivyojaa. Na achunguze kama wapokezi wameupa jina, na jina hilo wameliweka katika ngeli gani.